Lenzi Moja kwa Fedha za Wanachama: Pima Chumba Kwanza



Ndugu msomaji, somo letu la leo linahusu jambo lililoigawa kamati ya habari ya jumuiya yetu kwa karibu muhula mzima: tununue lenzi gani ya kupigia picha kwenye mwanga mdogo? Nimeombwa niliandike kwa sababu mimi ndiye niliyeshikilia jibu lisilo sahihi kwa muda mrefu kuliko wote. Huenda nawe una kamera yako au unaweka akiba ya kununua lenzi, au uko kwenye kamati ya jumuiya ya chuo kingine. Basi chukua kosa langu likufae.

Chanzo cha mjadala

Ramadhani iliyopita tulipiga picha za futari ya pamoja kwenye uwanja nyuma ya msikiti. Taa zilikuwa chache. Kamera ya jumuiya ni Canon EOS 700D, na lenzi tuliyokuwa nayo ni ile inayouzwa pamoja na kamera, ya zumu, milimita 18 hadi 55. Nilisimama mbali ili nisiwasumbue watu, nikavuta zumu hadi mwisho. Kamera ikanipa ISO 6400 na kasi ya shata ya 1/15, yaani sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde. Kila aliyepeleka tende mdomoni alitoka na mkono wa moshi. Katika picha zaidi ya mia mbili, gazeti letu lilipata mbili za kuchapisha. Fleshi hatukutaka kuitumia, kwa sababu haifai kumulika watu usoni wakiwa kwenye dua.

Kamati ikaamua kukusanya fedha. Kila mwanachama alitoa alichoweza, na wengine walitoa nauli yao ya wiki. Zilipotimia, mapendekezo yakawa matatu. Ndugu mmoja alitaka tununue kamera nyingine kabisa, yenye sensa kubwa, iliyotumika. Mimi nilitaka lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, kwa kuwa kila mpiga picha niliyemsikiliza alisema hiyo ndiyo lenzi ya kwanza ya kila mtu. Dada yetu mweka hazina hakuwa na pendekezo. Aliuliza swali moja tu: "Mmepima chumba?"

Tulicheka. Kumbe jibu lote lilikuwa kwenye swali hilo.

Tundu na namba zake

Lenzi isiyo na zumu huitwa praimu. Haivuti wala hairudi. Ukitaka mtu aonekane mkubwa unamsogelea kwa miguu. Faida yake ni kwamba kiwandani inaweza kutengenezwa na tundu kubwa la kupitisha mwanga bila kuwa nzito wala ghali sana. Lenzi yenye tundu kubwa huitwa lenzi ya kasi. Haikimbii popote, ila mwanga mwingi unakuruhusu kutumia kasi kubwa ya shata.

Ukubwa wa tundu huandikwa kwa herufi f na namba, na hapa ndipo wanaoanza huchanganyikiwa: namba ndogo ni tundu kubwa. Sababu ni kwamba namba hiyo ni mgawanyo. Chukua urefu wa lenzi kwa milimita, gawanya kwa namba ya f, utapata upana wa tundu. Lenzi ya 50 kwenye f/2 ina tundu la milimita 25. Lenzi hiyohiyo kwenye f/5.6 ina tundu la milimita 9 hivi. Mlango wa kwanza ni wa msikiti, wa pili ni dirisha la stoo.

Ukitaka kujua tofauti ya mwanga, gawanya namba kubwa kwa ndogo, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Kwa mfano, 5.6 gawanya kwa 1.8 ni kama 3.1, 3.1 mara 3.1 ni kama 9.7. Maana yake lenzi ya f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi ya ile ya f/5.6. Picha yangu ya futari ya 1/15 ingeweza kupigwa kwa 1/125 na zaidi, kwa ISO ileile, na mkono wa mla tende ungetulia. Lenzi yetu ya zumu ina kitulizi cha mtikisiko, lakini kitulizi hutuliza mkono wa mpiga picha tu. Mtu anayesogea mbele ya kamera hakimtulizi.

Wenzangu wa masomo ya dini watamkumbuka al-Hasan Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri katika karne ya 11. Alieleza kwamba mwanga wa jua lililopatwa ukipita kwenye tundu dogo huchora umbo la mwezi mwandamo upande wa pili, na tundu likipanuliwa umbo hilo hupotea. Kwa tundu tupu huna budi kuchagua: mwanga mwingi au picha safi. Lenzi ndiyo inayotupatia vyote viwili, lakini hutoza ushuru wake, nao tutauona mbele.

Sensa ndogo na sensa kubwa

Sensa ni kile kibao ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Ile inayoitwa fulufremu ina upana wa milimita 36 na kimo cha 24, sawa na fremu ya filamu za zamani. Kamera nyingi za wanafunzi zina sensa ndogo zaidi, inayoitwa kropu. Kwa Canon kama yetu ni milimita 22.3 kwa 14.9, kwa Nikon ni kama 23.5 kwa 15.6.

Fikiria umetandika mkeka mkubwa, halafu mtu akakata kingo zake na kukuachia katikati tu. Hicho ndicho kropu inachofanya. Lenzi inaleta picha ileile, ila sensa ndogo inachukua sehemu ya kati. Ndiyo maana husemwa "zidisha kwa 1.6" kwa Canon au "zidisha kwa 1.5" kwa Nikon. Lenzi ya 50 kwenye kamera yetu inaona eneo ambalo kwenye fulufremu lingehitaji lenzi ya 80.

Kuna makosa mawili ya kuepuka hapa. La kwanza ni kudhani lenzi imerefuka. Haikurefuka, kilichopungua ni eneo linalochukuliwa. La pili ni kudhani mwanga umepungua. Kwa ISO na kasi ileile, f/1.8 ni f/1.8 kwenye kamera zote mbili, na picha itakuwa na mwangaza uleule. Kinachobadilika ni kwamba sensa kubwa huonyesha chenga chache ISO inapopanda.

Sasa elewa kosa langu. Ushauri kwamba 50 ndiyo lenzi ya kawaida ulizaliwa zama za filamu, kwenye fremu ya milimita 36. Huko 50 si pana wala haivuti. Mimi niliuchukua ushauri huo mzima na kuuvisha kamera ambayo haikushonewa.

Kanuni ya futi ya kupimia

Hii ndiyo sehemu ninayotaka uikate na kuibandika ukutani. Upana utakaoingia kwenye picha, kamera ikiwa imelala, hupatikana hivi: upana wa sensa, zidisha kwa umbali wako na mtu, gawanya kwa urefu wa lenzi.

Tulichukua futi tukaenda kwenye chumba cha darsa, ambako shughuli zetu nyingi hufanyika. Kutoka ukutani hadi meza ya wazungumzaji ni mita 4. Wazungumzaji wanne wakikaa, upana wao ni mita 2.4. Tukapiga hesabu kwa kamera yetu ya kropu.

Lenzi ya 50: 22.3 mara 4, gawanya kwa 50, ni mita 1.8. Wazungumzaji wawili wanaingia vizuri, wa tatu anakatwa bega, wa nne hayupo kabisa.

Lenzi ya 40: mita 2.2. Bado mmoja anakatwa.

Lenzi ya 35: mita 2.55. Wote wanne wanaingia, kwa kubana kidogo.

Lenzi ya 24: mita 3.7. Wote wanaingia na nafasi inabaki.

Na fulufremu yenye lenzi ya 50? 36 mara 4, gawanya kwa 50, ni mita 2.9. Wote wanaingia. Kwa hiyo wale niliowasikiliza hawakudanganya. Walikuwa wanazungumzia kamera nyingine.

Nilikaa kimya. Kama tungefuata kelele zangu, fedha za nauli za watu zingenunua lenzi isiyoweza kupiga picha ya meza ya darsa mpaka mpiga picha atoboe ukuta.

Kama huna futi, fanya jaribio hili kwa lenzi ya zumu uliyo nayo. Funga zumu kwenye 35 kwa kipande cha plasta, itumie wiki nzima bila kuigusa. Wiki inayofuata ifunge kwenye 50. Kisha angalia ni wiki ipi uligonga kisogo ukutani. Pia fungua picha zako za zamani kwenye kompyuta utazame taarifa zake. Kila picha huhifadhi urefu wa lenzi uliotumika. Ukikuta nyingi ni kati ya 30 na 40, umeshapata jibu.

Kwa nini hatukununua fulufremu

Pendekezo la ndugu yetu halikuwa la kupuuzwa. Sensa ya fulufremu ina eneo la mara 2.6 ya kropu ya Canon, na kwa takriban kiasi hicho ndivyo inavyotusaidia kwenye mwanga mdogo. Lakini kutoka f/5.6 kwenda f/2 tunapata mwanga wa karibu mara 8. Kwa anayeanza na lenzi ya zumu ya kawaida, kubadili lenzi kunasaidia zaidi kuliko kubadili kamera, tena kwa bei ndogo zaidi.

La pili, lenzi yetu ya zumu ni ya aina ya EF-S, iliyotengenezwa kwa ajili ya kropu peke yake. Haiingii kabisa kwenye kamera ya fulufremu kama EOS 6D. Tungenunua kamera, kisha tungebaki bila lenzi hata moja. Utazitambua hivi: lenzi ya EF-S ina alama ya mraba mweupe sehemu inapofungwa, na lenzi ya EF ina nukta nyekundu. Yenye nukta nyekundu huingia kwenye kamera za aina zote mbili.

Kwa hiyo ukiwa na kropu leo na ndoto ya fulufremu kesho, jiulize: je, ndoto hiyo ina tarehe? Kama ina tarehe, nunua lenzi inayoingia kote. Kama haina, nunua inayofaa kamera uliyo nayo mkononi.

Lenzi za kuangalia

Kwa wenye Canon za kropu: EF-S 24mm f/2.8 STM ni ndogo, nyepesi na inafaa vyumba vidogo, lakini f/2.8 inapitisha kama nusu ya mwanga wa f/2. EF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015 ni ya bei nafuu na nzuri sana kwa picha ya uso wa mtu mmoja. EF 35mm f/2 ya zamani, iliyotoka mwaka 1990, iko katikati: si mpya, injini yake ina kelele, lakini inaingia kwenye kropu na fulufremu.

Kwa wenye Nikon za kropu: AF-S DX 35mm f/1.8G ndiyo ya kutazama kwanza. Ukiivalisha Nikon ya fulufremu itaingia, lakini kamera itakata picha yenyewe na kutumia sehemu ya kati ya sensa tu. Tahadhari kubwa ni hii: kamera kama D3200, D3300, D5200 na D5300 hazina injini ya kusukuma fokasi ndani yake. Lenzi iliyoandikwa AF pekee, kama AF 50mm f/1.8D, itaingia na kupiga, ila fokasi utazungusha kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Kuna mwenzetu wa bweni aliyenunua ya kwanza kwa sababu ilikuwa rahisi, na sasa anapiga picha za maua, kwa kuwa maua hayaondoki.

Ushuru wa tundu kubwa

Niliahidi kueleza ushuru. Tundu likiwa kubwa, sehemu inayotoka kali huwa nyembamba. Kwa kamera ya kropu, lenzi ya 50 kwenye f/1.8, mtu akiwa mita 2 mbele yako, unene wa sehemu iliyo kali ni takriban sentimita 11. Fokasi ikishika ncha ya ndevu za shekhe aliyegeuka upande, jicho la mbali litakuwa limeanza kupotea. Kwa lenzi ya 35 kwenye f/2, umbali uleule, unapata kama sentimita 25.

Kwa hiyo usifungue tundu lote kila wakati kwa kuwa tu umelilipia. Picha ya mtu mmoja: f/2, na fokasi kwenye jicho lililo karibu. Watu watatu mezani: f/2.8. Kikundi cha mistari miwili: f/4 au zaidi, hata kama ISO itapanda. Picha yenye chenga kidogo inachapishika, lakini ambayo mstari wa nyuma hautambuliki itakuletea lawama za mstari mzima.

Jambo jingine ni taa. Umeme wa huku kwetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na baadhi ya taa za tyubu na za LED huwaka na kufifia bila jicho kuona. Ukitumia kasi kubwa sana unaweza kupata mistari ya giza kwenye picha. Ikitokea, rudi kwenye 1/100 au 1/50.

Ukinunua iliyotumika

Wengi wetu tutanunua iliyotumika, basi nenda na kamera yako na usione haya kukagua. Mulika tochi ya simu ndani ya lenzi ukitokea nyuma: nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, iache. Vumbi kidogo halina neno. Tazama vile vibati vya tundu kama vina mafuta. Piga picha kwenye tundu kubwa kabisa, kisha f/4, kisha f/8, uone mwangaza unabaki sawa kamera ikijipangia kasi. Piga maandishi ya gazeti lililolazwa mezani, ukishika fokasi kwenye mstari mmoja, kisha kuza picha uone kama ni mstari uleule uliotoka mkali. Muuzaji anayekukataza kufanya haya amekwishakujibu.

Tulichoamua

Tulinunua EF 35mm f/2, iliyotumika, baada ya kukataa moja iliyokuwa na kuvu. Fedha zilibaki kidogo, mweka hazina akazirudisha kwenye mfuko na kubandika hesabu ubaoni.

Si lenzi kamilifu. Ukiwa mita 10 kutoka mimbari, inachukua upana wa zaidi ya mita 6, hivyo khatibu anatoka mdogo na tunalazimika kukata picha. Injini yake inasikika kwenye video chumba kikiwa kimya. Lakini kwenye chumba cha darsa, kwenye nikaha ndogo na kwenye meza ya futari, ambako ndiko picha zetu nyingi hutoka, inatutosha bila fleshi. Kwa upande wa akina dada, dada zetu wa kamati huitumia wenyewe wakiwa wamekaa mahali pao, bila kusimama mbele ya mtu.

Zoezi la wiki hii: pima chumba unachopigia picha mara nyingi, andika umbali na upana, kisha tumia kanuni ya futi kujua ni lenzi ipi inakufaa. Lete karatasi yako kwenye kikao cha kamati baada ya darsa la Jumamosi. Nami nitaleta ya kwangu, yenye mita 1.8 iliyopigwa mstari mwekundu, ili nisisahau.

Wabillahi tawfiq.